Lalamiko Dhidi ya Mtaalamu Aliyemuuliza Levi Anachotaka

Habakuki Wabwile,
Tongaren,
Kaunti ya Bungoma.

Ijumaa, 20 Juni 2025.

Kwa Msimamizi,
Kliniki ya Afya ya Akili,
Kitale.

Ndugu Msimamizi,

KUH: BI. WAITHERA, NA SWALI ALILOLIULIZA BILA KUSHAURIANA NA FAMILIA

Pokea salamu za familia yetu. Ni salamu za kweli, hata kama yanayofuata si mazuri.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka thelathini na minne, mingi kati ya hiyo nikiwa Bungoma mjini. Nimeripoti mafuriko, chaguzi saba na fahali aliyeingia katika ofisi ya chifu akakataa kutoka. Sijawahi kuandika "maafa" mahali ambapo "hasara" lingetosha. Naomba barua hii isomwe kwa kipimo hicho. Kila ninachokieleza nilikiona au nilikisikia, na tarehe zimo katika madaftari yangu.

Ndugu yangu mdogo, Levi, ana umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa akifanya kazi katika duka la mbegu mjini Kitale hadi mwaka 2015 alipougua skizofrenia. Tulimleta nyumbani Tongaren. Anachomwa sindano yake kila mwezi na hajaikosa. Tangu tulipomleta analala katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, ingawa ana nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na bati, mita sitini kutoka kwangu. Kuhusu nyumba hiyo nitaeleza mbele.

Mnamo Januari 2016 familia iliunda Kamati ya Levi. Ina wanakamati saba, nami nilikuwa mwenyekiti na katibu. Tulikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lilipoamua. Hadi kufikia Januari mwaka huu tulikuwa tumefanya mikutano mia moja na tisa. Levi hakuwa mwanakamati. Yeye alikuwa ajenda.

Mambo yalikwenda vizuri. Mtaalamu wenu wa zamani alimpa Levi kazi ya kusuka vikapu, hakumuuliza mtu, nasi hatukumuuliza yeye. Leo tuna vikapu arobaini na kimoja. Levi hapendi vikapu, lakini wakati huo jambo hilo halikuwa limejulikana kwa kuwa hakuna aliyelichunguza.

Kisha akaja Bi. Waithera, mtaalamu wenu mpya wa tiba ya shughuli, yaani ile ya kumsaidia mgonjwa kurudia kazi za kila siku za maisha yake. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Alimuuliza mtu asiyehusika.

Jumanne, tarehe 11 Februari, tulifika kliniki tukiwa watu watano pamoja na Levi, ambaye alikuwa wa sita. Bi. Waithera alitukaribisha vizuri, akatutafutia viti, kisha akamgeukia Levi na kusema, "Levi, wewe ungependa kufanya nini?"

Nilijibu, kama ambavyo nimekuwa nikijibu kwa miaka kumi. Akasema, "Asante Mzee. Nilikuwa namuuliza Levi." Nikadhani hakunisikia, nikajibu tena, polepole na kwa sauti. Akatabasamu. Kisha akanyamaza, akasubiri.

Alisubiri dakika nne kwa saa yangu. Naomba uelewe uzito wa jambo hili. Familia yetu haijawahi kunyamaza dakika nne, hata kaburini. Dada yetu mkubwa, Nakhungu, alianza kutokwa na jasho. Baba Mdogo Wanjala alikohoa mara tatu ili kusaidia. Mwishowe Levi akasema, "Mimi nataka kupika ugali yangu mwenyewe."

Bi. Waithera akaandika. Sisi tuliosema maneno mengi zaidi siku hiyo, hakuandika hata moja letu.

2. Alirudisha fomu iliyokuwa imejazwa vizuri.

Alitupa fomu yenye nafasi tatu chini ya maneno "Malengo ya Mteja". Kamati ilikutana Jumamosi, tarehe 22 Februari, na kuijaza kwa muda wa saa tano na dakika ishirini. Levi hakualikwa, kwa sababu tulihofia kwamba angeyumbisha matokeo. Baada ya mjadala tulikubaliana hivi. Kwanza, Levi awe mtulivu. Pili, Levi aendelee kuwa mtulivu. Tatu, Levi asigusie habari ya nyumba. Lengo la tatu lilipitishwa kwa kura sita dhidi ya moja. Aliyepinga ni Nakhungu, naye hakupinga wazo. Aliona tu kwamba "asigusie" ni neno kali.

Fomu ilirudi Jumanne ikiwa na maandishi ya Bi. Waithera pembeni: "Malengo yamepokelewa. Je, ni ya nani?"

Kwa miaka thelathini na minne nimefanya kazi na wahariri wakatili. Hakuna aliyewahi kunirudishia habari kwa maneno machache hivyo.

3. Alitazama sufuria ikiungua akiwa ameweka mikono nyuma.

Levi alijaza fomu mwenyewe. Lengo la kwanza, kupika ugali wake. Lengo la pili, kulala katika nyumba yake. Lengo la tatu, kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Levi. Nilimtazama Bi. Waithera nikitarajia kwamba angecheka, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Badala yake alisema, "Sawa. Tuanze na maji ya moto."

Kila Jumanne baada ya hapo, katika jiko dogo la kliniki, Levi alipika nami nikashuhudia. Sufuria ya kwanza ilipoanza kutoa moshi nilinyanyuka kwenda kuiokoa. Bi. Waithera aliniomba niketi. Nikamwambia kwamba ugali unaungua. Akasema, "Naona, Mzee. Levi pia anaona." Nimeripoti mioto mingi, nyumba, maghala na soko zima, lakini huyu ndiye mfanyakazi wa kwanza niliyemwona akitazama kitu kikiungua kwa makusudi ya kitaaluma.

Ugali wa kwanza uliungua. Wa pili ulikuwa unga mkavu katikati. Wa tatu uliinuka pamoja na sufuria. Wa tano ulilika. Wa saba niliomba niongezewe, jambo ambalo naomba lisitumiwe dhidi yangu.

Madhara yalionekana nyumbani. Jioni ya tarehe 20 Aprili, siku ya Pasaka yenyewe, mke wangu Phelista alimwandalia Levi chakula. Levi alikibonyeza kwa kidole na kusema, "Shemeji, hii ni ugali ama ni uji imevaa koti?" Mtu huyu alikuwa amekula kwetu miaka kumi bila neno. Phelista alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko chake nakihesabu kuwa kosa la pekee, ila yeye hayuko chini ya kliniki yako.

4. Alisababisha mapinduzi ya uongozi.

Katiba ya Kamati niliiandika mimi. Kifungu cha tatu kinasema kwamba mwenyekiti atakuwa mtu mzima wa familia ambaye hajakosa mkutano hata mmoja. Nilikiweka ili kumzuia Baba Mdogo. Bi. Waithera alimshauri Levi aanze lengo lake kwa kuisoma katiba, jambo ambalo hakuna mwanakamati aliyewahi kulifanya, mimi nikiwamo baada ya kuiandika.

Jumamosi, tarehe 29 Machi, Levi alisimama na kusoma kifungu hicho kwa sauti. Mimi nimekosa mikutano minne kwa sababu ya kazi. Wengine wamekosa zaidi. Levi hajakosa hata mmoja, kwa kuwa alikuwa akikaa kwenye ndoo nje ya dirisha akisikiliza tunavyomjadili. Alichaguliwa bila kupingwa. Nilitafuta kifungu cha kupinga, sikuwa nimekiandika.

Ameongoza mikutano miwili. Wa Aprili ulichukua dakika thelathini na tano. Wa Mei, ishirini na nane. Ameweka mezani kengele ya baiskeli. Nakhungu huanza na maombi, na kwa kawaida maombi yake hupita Kapsokwony, yakashuka Bungoma, yakagusa serikali kuu na kurudi kupitia kwa wajane. Levi alimpa dakika tatu.

"Ati dakika tatu?" Nakhungu akauliza. "Mungu mwenyewe alichukua siku sita!"

"Na ya saba akapumzika, Dada," Levi akasema. "Si uketi?" Akapiga kengele.

Baba Mdogo alisimama kueleza jinsi baba zetu walivyopata mashamba haya ya Tongaren. Hueleza kila mkutano. Alianza kama kawaida yake, "Wacha nianze mbali kidogo." Levi akamwambia, "Baba Mdogo, leo anzia karibu." Mzee alisimama kwa muda akitafuta mahali karibu pa kuanzia. Hakupapata. Aliketi.

Mkutano uliisha kabla chai haijachemka. Hilo halijawahi kutokea katika ukoo wetu na sijui kama liliwahi kutokea magharibi mwa Kenya.

5. Ameacha watu saba bila shughuli.

Hili ni jambo la kitaaluma na nalileta kwako kitaaluma. Kazi ya Bi. Waithera, kama nilivyoelezwa, ni kuwarudishia watu shughuli. Amemrudishia mtu mmoja. Amewanyang'anya saba. Levi sasa ana ratiba. Asubuhi anafagia, anachota maji na kupika. Jumatatu na Alhamisi anamsaidia jirani yetu Kemboi kupanga mbegu dukani. Jumanne yuko kwenu.

Sisi je? Jumamosi ya tarehe 31 Mei, saa tano kasoro dakika kumi na tano asubuhi, Baba Mdogo alionekana amesimama njia panda akiwa amevaa koti la mkutano. Alikuwa pale hadi saa kumi. Nilipomuuliza anafanya nini alisema, "Nimetoka mkutanoni, na siwezi kufika nyumbani mapema hivi. Watadhani ni mgonjwa." Nakhungu amehamishia maombi kwa kuku. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nikijibu maswali ya Levi kwa daktari, kwa chifu, kwa mchungaji na kwa wageni, sasa nakaa nikiwa na majibu ambayo hayana wa kuyauliza. Wiki iliyopita mgeni alimuuliza Levi kama ameshiba, nikasema "Ameshiba" kabla sijajizuia. Levi akasema, "Bado." Akaongezewa.

Je, kliniki ina fomu ya wanakamati? Nauliza kwa dhati.

6. Anataka mlango ufunguliwe.

Hapa ndipo penye uzito, Ndugu Msimamizi, nami kwa mujibu wa maadili ya kazi yangu natangaza kwanza maslahi yangu. Nyumba ya Levi imejaa mahindi. Ni magunia themanini na manne. Mahindi ni yangu. Ufunguo wa kufuli uko katika mfuko wa shati langu.

Sikuyaweka kwa ubaya. Mwaka 2017 mvua iliwahi, ghala langu likavuja, nyumba ilikuwa tupu, na Levi hakusema neno. Tangu hapo kila mavuno yamejua njia.

Jumatano, tarehe 4 Juni, Bi. Waithera alifika kwa pikipiki kukagua makazi. Nilifungua mlango. Alisimama kizingitini kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama, akauliza, "Levi angelala wapi hapa?" Nilimwambia kwamba juu ya magunia kuna nafasi ya kutosha hadi kwenye bati, na pana joto. Aliandika jibu langu neno kwa neno. Ni mara ya kwanza ameandika maneno yangu, na sikufurahi kama nilivyotarajia.

Alisema kwamba kwa maoni yake Levi yuko tayari kukaa peke yake. Anapika, anajua siku ya sindano, anajua siku zake mbaya zinavyoanza na nani wa kumwita. Yamebaki mambo mawili: nyumba iwe wazi, na mtu mmoja wa familia akubali kwa maandishi kwamba atakuwa akimtembelea. Levi alichagua mtu huyo mwenyewe. Aliandika jina langu.

Fomu ninayo. Sijaitia sahihi, wala sitaitia. Bi. Waithera atarudi tarehe 2 Julai kuona kama Levi anahamia au hahamii. Levi ameuliza mara moja tu, Jumapili tukitoka kanisani: "Kaka, nyumba ni lini?" Nikamwambia kwamba bei ya mahindi haijakaa vizuri. Akasema, "Mimi sikuuliza mahindi." Akaenda zake. Hivyo ndivyo anavyozungumza nami siku hizi. Ninamweleza jambo, anakataa. Ninamweleza kwa urefu, anakataa kwa ufupi. Ikiwa hii ndiyo nafuu, naomba nielezwe ugonjwa ulikuwa upi.

Kwa sababu hizo sita naomba yafuatayo. Bi. Waithera ahamishiwe idara ambayo haina maswali. Levi arudishiwe vikapu. Fomu ya malengo ijazwe upya na walio wengi. Na endapo ni lazima mtu aulizwe anachotaka, basi aulizwe mbele ya familia, na familia ipewe nafasi ya kujibu kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye uzoefu.

Nakushukuru kwa kuisoma barua hii hadi hapa. Nifikishie salamu kwa wauguzi wa chumba cha sindano, kwa yule bwana wa lango anayenihifadhia mwavuli, kwa mama wa kadi ambaye hajawahi kupoteza faili yetu, na kwa wote wanaokaa nasi kwenye benchi siku za Jumanne, hasa mzee wa Kapsokwony ambaye sasa anapika pia. Msalimie Bi. Waithera mwenyewe. Sina ugomvi naye nje ya kazi.

Ni mimi, kwa heshima na bila chumvi,

Habakuki Wabwile,
Mwenyekiti Mstaafu, Kamati ya Levi.

N.B. Masahihisho.

Sijawahi kuchapisha lalamiko kabla ya kumpa upande wa pili nafasi ya kusema. Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kuipeleka barua hii posta, nilimfuata Levi na kumsomea yote. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharagwe. Alisahihisha jambo moja: magunia ni themanini na moja. Nimeyahesabu. Ni themanini na moja.

Kisha nikamwomba anionyeshe daftari alilojaza na Bi. Waithera, lile lenye dalili za siku zake mbaya, ili nihakikishe kwamba lipo. Lipo. Dalili ya kwanza: "Nisipolala siku mbili." Ya pili: "Nikisikia majirani wakinisema na hakuna mtu." Ya tatu: "Nikianza kukubali kila kitu Kaka anasema."

Nilimwambia kwamba ya tatu si ya haki. Akasema, "Angalia kwa daftari zako, bana. Si wewe huandika kila kitu?"

Nimeangalia. Mwezi Machi 2019 nimeandika siku tisa mfululizo: "Levi amekubali. Siku njema." Siku ya kumi tulimleta kwenu akalazwa wiki mbili. Mwezi Agosti 2022 nimeandika hivyo siku sita. Siku ya saba akalazwa. Sikuwahi kuona uhusiano huo, ingawa habari yote ilikuwa mkononi mwangu, kwa mwandiko wangu. Levi aliuona bila daftari.

Katika kazi yetu, kosa likiwa katika aya moja unalirekebisha. Likiwa katika habari nzima unaiondoa. Kwa hiyo naomba ufute lalamiko la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano na la sita, pamoja na maombi yanayofuata. Anwani, tarehe na salamu zibaki kama zilivyo.

Fomu iliyotiwa sahihi nimeiambatisha. Magunia yameanza kutoka. Yatakaa sebuleni kwangu, na Phelista anasema kwamba safari hii mahindi nayo yaulizwe yanataka kulala wapi. Chumba cha mbele cha nyumba ya Levi kimeshafagiwa. Mimi nasema kitanda kikae chini ya dirisha, Levi anasema kikae ukutani. Tangu saa nne nimemweleza mara tano, kwa mifano. Nafurahi kukuarifu kwamba amekataa mara zote tano.